Ile Programu ya Chesang

Nangila Sitati hupiga pasi hata vitambaa vya kupangusia vyombo. Nimeviona kwa macho yangu nyumbani kwao Section 58, vimekunjwa sawasawa na kupangwa kabatini, na mamake akaniambia nimzoee tu, ndivyo alivyozaliwa. Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli. Babake alifanya kazi kiwanda cha blanketi mpaka kifua kikamlemea. Wote wawili, nasikia, walikuwa watu wa kuvua viatu na kuviacha palepale vilipoangukia. Huo unadhifu aliutoa wapi sijui, ila najua ulikotufikisha.

Mimi ni fundi wa kuchomea saketi. Tunafanya kazi pamoja kwenye karakana moja huko Kiamunyi, watu sita chini ya mabati, na tunatengeneza visanduku vinavyoendesha matangi ya kupozea maziwa. Kisanduku kina kihisio cha kupima baridi, skrini ndogo ya namba, na waya unaokwenda kwa kompresa. Maziwa yakianza kupata joto, kisanduku kinawasha kompresa. Yakipoa vya kutosha, kinaizima. Kazi yote ni hiyo, na mtu akikueleza kwa maneno mengi kuliko hayo basi anataka umwite injinia.

Ndani ya kisanduku mna programu iliyoandikwa kwa lugha ya C. Chipu haijui C. Kuna programu nyingine inayoitwa kompaila ambayo kazi yake ni kuitafsiri C mpaka chipu ielewe, na kompaila ikitafsiri vibaya, kisanduku kitafanya vibaya hata kama aliyeandika hakukosea popote. Ndiyo maana Mzee Okeyo, aliyeianzisha karakana hii miaka ya tisini, aliandika programu ndogondogo mia tatu na arobaini za kuijaribu kompaila. Kila moja inaiuliza kompaila swali moja ambalo jibu lake tunalijua. Ikijibu vizuri, unatokea mstari wa kijani. Ikikosea, mwekundu.

Mzee alikuwa na desturi yake. Hakuandika jaribio lolote kwa kufikiria tu. Kila moja lilizaliwa siku ambayo kitu kiliharibika mahali fulani, na alilipa jina la mtu aliyeliona tatizo kwanza. Kulikuwa na ya Masinde, ya Akoth, ya Jelagat, na juu ya kila faili mistari michache ya Kiswahili ikieleza kilichotokea. Sisi vijana wa karakana, ingawa mimi ujana wenyewe umeanza kunikimbia, tulikuwa tukiyacheka yale maelezo. Tuliyaona ni porojo za mzee asiyetaka kusahaulika.

Sasa, lugha ya C nayo imezeeka na kurekebishwa. Enzi za Mzee Okeyo uliweza kuandika fankisheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, bila kusema inapokea nini, au kuiita kabla hujaitangaza, na kompaila ikajikisia yenyewe. Kanuni mpya zimekataa mambo ya kukisiana. Mwaka jana mwezi wa pili tulipata kompaila mpya inayofuata kanuni hizo, na ilipopewa zile programu mia tatu na arobaini, karibu zote ilikataa hata kuzisoma. Hezekiah, mkubwa wetu, ambaye ni mzee wa kanisa na hapendi kuona rangi nyekundu hata kwenye tai, alimpa Nangila kazi.

"Madam, hizi vitu ziwe modern zote. Kufika mwisho wa April nataka kuona green peke yake. Na haya majina ya watu toa. Weka namba. Hizo story za juu pia futa, wateja wakiona watadhani tuko kijiweni."

Nangila aliipokea hiyo kazi kwa furaha, na hapo simlaumu, maana ni kazi iliyomfaa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Wiki kumi na moja alikaa pale karibu na dirisha akizisafisha moja baada ya nyingine. Fankisheni isiyosema inarudisha nini, akaipa. Iliyoitwa kabla ya kutangazwa, akaitangaza. Jina la Akoth likawa 12, la Masinde likawa 88. Siku ya mwisho wa Aprili alinyanyua mikono kama aliyeokoka, na Hezekiah akatununulia soda. Mia tatu na arobaini, zote kijani. Mwezi wa tano visanduku vyenye programu iliyotafsiriwa na kompaila mpya vikapelekwa vituo kumi na kimoja, kuanzia Njoro hadi kule juu Kuresoi kwenye baridi.

Kwa miezi miwili hakuna aliyetupigia simu. Halafu ukaingia mwezi wa saba.

Simu ililia mchana, Joyline wa mapokezi akiwa ameenda kununua chakula. Nikaipokea mimi, mkono mmoja bado una chuma cha kuchomea.

"Hallo boss. Mimi ni Chepkurui, wa cooler ya maziwa huku Kuresoi. Hii mashine yenu imegandisha maziwa yote. Ile panga ya kukoroga imevunjika ndani ya barafu."

"Mathe, ulizima saa ngapi?"

"Si mlisema inajizima? Mimi nimepata compressor inanguruma asubuhi, na skrini inasema mia mbili hamsini na nne."

"Inasema ngapi?"

"Mia mbili hamsini na nne."

Nikacheka. Nisiseme uongo, nilicheka kwa sauti, mpaka fundi mwenzangu akageuka. "Mathe, maziwa ya digrii mia mbili yangekuwa yamechomeka mpaka tangi. Vaa miwani usome tena."

"Namba najua kusoma," akasema, na simu ikakatika.

Kwenye daftari la simu niliandika: Kuresoi, tangi limeganda, mhudumu hakuzima. Namba yake ya simu niliiandika, ila ile ya kwenye skrini sikuiandika. Niliona ni aibu kuandika upuuzi kama huo kwa mwandiko wangu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Lori la kiwanda cha maziwa lilifika Kuresoi likakuta lita elfu tatu za maziwa zimekuwa jiwe, likageuza likarudi. Maziwa hayo yalikuwa ya jasho la familia mia mbili na zaidi. Kisanduku kikaletwa kwetu kikaguliwe, na mkaguzi nikawa mimi. Nilinunua barafu kwa muuza samaki, nikaiweka kwenye ndoo ya maji, nikatumbukiza kihisio. Skrini ikashuka taratibu mpaka sifuri, kompresa ikazimwa kama inavyotakiwa. Nikaandika: kizima. Hezekiah akaitumia kamati ya ushirika wa wafugaji barua kwamba mashine haina kosa na majaribio yote ya kompaila ni kijani, kwa hiyo tatizo lilikuwa la mhudumu.

Chepkurui akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Dereva wetu aliyekwenda kupachika kisanduku kingine alituambia wanamwita mwanamke aliyelala. Mama wa miaka hamsini na tatu, karani wa maziwa miaka kumi na tisa, na hata kanisani walimwachia benchi akae peke yake. Kamati ilipanga mkutano wa wanachama wiki tatu baadaye, tarehe nane mwezi wa nane, wa kumfukuza rasmi.

Nangila alilisoma lile daftari la simu kesho yake. Akaniuliza, "Hakuzima nini? Hii kitu hujizima."

"Labda alichezea waya."

Alirudi dirishani, akafungua ile orodha yake ya kijani, akaiangalia muda mrefu. Jioni alikuja mezani kwangu akasimama, uso umemshuka. "Nafikiri kuna moja nimeiua," akasema.

Nilidhani anazungumzia kuku. Ikabidi anieleze. Jaribio la kompaila, aliniambia, ni swali gumu lililowekwa mahali ambapo kompaila inaweza kuteleza. Wewe ukilisafisha swali hilo ovyo, unaweza kuliondoa lile gumu lenyewe bila kujua. Litabaki swali rahisi ambalo hata kompaila mbovu italijibu. Litakuwa kijani leo, kijani kesho, kijani mpaka kiama, na halilindi chochote. Yeye alikuwa amezisafisha zaidi ya mia tatu kwa mkono wake. Kama moja ilikuwa imekufa, haikuwa na dalili yoyote ya kufa.

"Na kama hakuna iliyokufa?" nikamuuliza.

"Basi yule mama alilala. Lakini mimi sidhani alilala."

Hapo ndipo alipoanza kuteseka, na sina neno lingine la kutumia. Alianza na namba moja. Alisoma kila programu kama ilivyo sasa, akijiuliza swali la Mzee lilikuwa lipi na kama bado lipo. Siku nyingine alimaliza ishirini, nyingine kumi, na jioni zake zilikuwa na mashaka kuliko asubuhi. Hezekiah alimwona akiwa bado kwenye kazi ya Aprili akakasirika. "Madam, kila kitu ni green. Unatafuta ugonjwa kwa mtu mzima wa afya?" Nangila akamwambia huo ukijani ndio unaomtisha. Hezekiah akasema kama ni hivyo basi amwombe Mungu ampe nyekundu. Alisema kwa kejeli. Nangila aliomba kweli. Nilimkuta kwenye stoo, kati ya marobota ya nyaya, amefunika uso kwa mikono, anamwomba Mungu mstari mmoja tu mwekundu. Sijawahi kusikia maombi ya namna hiyo, na nilirudi nje kwa ncha za vidole.

Wiki ya pili mamake alinipigia. "Kijana, mko na nini huko kazini? Nangila hapigi pasi. Vitambaa viko tu kwa beseni."

Nilimwambia ni kazi nyingi. Nikakata simu nikijisikia vibaya bila kujua sababu, au tuseme nikijifanya sijui.

Unaweza kuuliza kwa nini hakumpigia Mzee Okeyo mapema. Alimpigia. Mzee alistaafu akaenda kwao Ahero, na kila akipigiwa, simu haipatikani. Kumbe alikuwa amelazwa kwa ajili ya macho, na binti yake aliizima simu ili apumzike. Ikapatikana Alhamisi, tarehe saba, siku moja kabla ya mkutano wa Kuresoi. Nangila alikuwa amefika namba 190 na alikuwa amekonda. Aliiweka simu mezani kwa spika, na mimi nilikuwa karibu, nachomea.

"Mzee, shikamoo. Mimi ni Nangila, wa karakana."

"Marahaba. Nasikia wewe ndiye uliyewapa watoto wangu namba za jela?" Mzee akacheka, kisha akakohoa. "Sema, nyar Bungoma, binti wa Bungoma. Sauti yako haiko sawa."

Akamweleza yote: kompaila mpya, tangi lililoganda, mama aliyesimamishwa, na kwamba mkutano ni kesho na yeye hajui ameua jaribio lipi. Sauti ilimkatika katikati na hakuificha. Mzee alimwacha amalize.

"Skrini ilisoma ngapi?" akauliza.

"Hakuna aliyeandika, mzee. Daftari linasema tu tangi limeganda."

"Lazima kuna mtu aliyepokea simu. Yule mama lazima alisema namba. Mtu akiona kitu cha ajabu huwa anasema."

Chuma cha kuchomea kilikuwa kinatoa moshi mkononi mwangu. Ningeweza kunyamaza. Nitasema ukweli kwamba niliifikiria hiyo njia, na niliifikiria kwa muda ambao mtu mwema asingehitaji.

"Alisema mia mbili hamsini na nne," nikasema.

Nangila aligeuka akanitazama. Wiki tatu. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Alinitazama tu, macho mekundu, halafu akairudia simu kana kwamba sipo.

"Hiyo ni ya Chesang," Mzee akasema taratibu. "Mungu wangu. Mmemrudia Chesang."

Nangila hakuhitaji kuelezwa maana ya namba hiyo, ila mimi nilihitaji, kwa hiyo nitakueleza na wewe. Kihisio huweka namba yake kwenye nafasi ndogo sana ya chipu, nafasi isiyozidi mia mbili hamsini na tano. Nyuzi mbili chini ya sifuri, humo ndani, huandikwa sawasawa na 254. Ni juu ya programu kukumbuka kwamba hiyo ni namba ya chini ya sifuri. Kompaila ikisahau kuweka ukumbusho huo, kisanduku kitadhani maziwa yanaungua. Kitawasha kompresa na kitaendelea kuiwasha, na hata yakiganda kabisa kitaendelea kudhani yanaungua. Kwa miezi miwili hilo halikutokea kwa sababu hakuna kihisio kilichoshuka chini ya sifuri. Asubuhi moja ya baridi kali mwezi wa saba kule Kuresoi kilishuka. Na ndoo yangu ya barafu na maji iliishia sifuri kamili, haingeweza kushuka zaidi, nami nikaandika kizima.

Nangila alitafuta kwenye kumbukumbu za mashine, ambako mafaili ya zamani huwa hayafutiki kabisa. Ya Chesang ndiyo aliyoipa namba 217. Akaifungua kama ilivyokuwa kabla hajaigusa, na mimi nikasoma juu ya bega lake. Juu yake palikuwa na maelezo ya Mzee:

*Chesang, karani wa maziwa, Julai 1996. Alisema skrini inasoma 254. Tulimwambia amelewa. Akafutwa kazi. Alikuwa sahihi. Msiisafishe hii.*

"Nilisoma haya," Nangila akasema. "Niliyasoma, nikayafuta. Nilidhani ni mzaha."

Alilia pale pale kwenye kiti, wazi, bila kujali nani anaona. Mzee kwenye simu alisema Chesang alikufa miaka mingi iliyopita, hukohuko Kuresoi, watu wakimwita mlevi, na kwamba pombe hakuwahi kuionja. Alisema yeye mwenyewe alilirekebisha kosa, akaandika jaribio, akaona amemtendea haki. Hakuwahi kupanda gari kwenda kuwaambia watu wa ushirika. "Niliandika mahali ambapo hakuna mfugaji anasoma," akasema. "Hiyo ndiyo dhambi yangu. Wewe yako nenda ukaiseme."

Lakini ukweli bila ushahidi Hezekiah asingeusikia, na hapo ndipo yule mwanamke nusura akate tamaa kabisa. Programu ya Chesang ya asili kompaila mpya ilikataa kuisoma, kwa sababu imeandikwa kwa mtindo uliopigwa marufuku. Yeye mwezi wa tatu, ili isomeke, alikuwa ameipanua ile nafasi ndogo ikawa kubwa, na kwenye nafasi kubwa hakuna cha kusahau. Sasa akaiandika upya kwa kanuni mpya akiiacha nafasi iwe ndogo. Kijani. Akaiandika kwa njia nyingine. Kijani. Ya tatu, kijani. Kosa lilikuwepo, sote tulijua lipo, na mashine inamwambia hakuna kitu. Alipiga meza kwa ngumi mpaka kikombe changu kikaanguka.

"Mzee, inanidanganya!"

"Haikudanganyi. Umeweka swali na jibu kwenye faili moja. Inaona namba, inaona fankisheni, inapiga hesabu kichwani mapema inakupa jibu. Mtihani umeupeleka na majibu. Kwa zile zangu za zamani kompaila haikuwa inajua fankisheni inapokea nini, ndiyo maana ilibidi ifanye kazi. Tenganisha. Namba ikae faili moja, fankisheni faili nyingine."

Akatenganisha. Aliandika mistari tisa hapa, mistari sita pale, kila kitu kimetangazwa vizuri kwa kanuni mpya kabisa. Akabonyeza.

Mwekundu.

Hakushangilia. Aliweka kiganja juu ya skrini, juu ya ule mstari, akakiacha hapo.

Mimi nilikwenda kununua chumvi. Kilo mbili, nikaimwaga kwenye ile ndoo ya barafu, kwa sababu barafu ya chumvi hushuka chini ya sifuri, jambo ambalo fundi yeyote anayestahili mshahara wake angelifanya siku ya kwanza. Kile kisanduku kilichotoka Kuresoi kilihesabu tatu, mbili, moja, sifuri, kisha mia mbili hamsini na tano, kisha mia mbili hamsini na nne, na taa ya kompresa ikawaka.

Hezekiah aliitazama ile taa kwa muda. Akasema tutavirudisha visanduku vyote kumi na kimoja kimyakimya, tuseme ni huduma ya kawaida. Kuhusu mama wa Kuresoi, alisema mambo ya ushirika tuwaachie wenyewe. "Ukienda kuongea huko juu, madam, usirudi hapa."

"Sawa, boss," Nangila akasema, na akaanza kukifunga kisanduku kwa taulo.

Nilienda naye. Usinipongeze, mtu aliyechelewa wiki tatu hapongezwi kwa kufika. Mkutano ulikuwa kwenye banda la kupokelea maziwa, wanachama kama mia moja, na Chepkurui amekaa pembeni kwenye kreti iliyopinduliwa, leso imefungwa kiunoni, mikono mapajani. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Nangila hakueleza mambo ya kompaila. Aliomba meza, akaweka ndoo, barafu, chumvi, akatumbukiza kihisio na kumpa mwenyekiti wa kamati kisanduku akishike na asome namba kwa sauti.

Mwenyekiti akasoma. Tatu. Mbili. Moja. Sifuri. Kisha akakisogeza kisanduku karibu na macho.

"Soma, mzee," Nangila akasema.

"Mia mbili... hamsini na nne."

Nyuma kabisa mzee mmoja alivua kofia. "Kwa hivyo hata Chesang," akasema, na hakumalizia.

Nangila aliwaambia kwamba kosa hilo liliwahi kulindwa na yeye ndiye aliyeuondoa ulinzi huo, kwa mkono wake, akidhani anasafisha. Aliwaambia karani wao alisema namba hiyo siku ya kwanza. Aliomba msamaha akiwa amesimama wima, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Kamati ilizungumza kidogo, mwenyekiti akamrudishia Chepkurui funguo za kituo mbele ya watu wote. Baadhi walipiga makofi. Chepkurui hakupiga wala hakutabasamu. Alizipokea funguo, akazitia mfukoni, akaja mpaka pale mezani.

"Ungenipigia simu tu," akamwambia Nangila. "Siku ile ulianza kufikiria sikulala, ungenipigia. Mimi ningekuambia namba. Singetaka ushahidi."

Wiki tatu Nangila alitafuta kwenye mafaili mia tatu na arobaini, na namba ya simu ya yule mama ilikuwa kwenye daftari, nusu ya mstari kutoka mahali nilipoandika uongo wangu.

Kisha Nangila akamwomba kitu kimoja. Alimweleza desturi ya Mzee, kwamba jaribio hupewa jina la aliyeona, na akamsomea yale maelezo ya juu ya faili ya Chesang. La Chesang litarudishiwa jina lake, na hili jipya la mafaili mawili angependa kulipa jina la Chepkurui, na juu yake aandike yaliyotokea, kama ataruhusu.

Chepkurui alifikiri. "Andika," akasema. "Lakini usiandike mimi peke yangu. Yule Chesang aliandikwa peke yake, si ndiyo? Jina lake tu, na hao wengine wakaitwa *tulimwambia*. Wewe andika nani alifuta."

"Nitaandika, mama."

Halafu akanigeukia mimi. Sikuwa nimefungua mdomo tangu tufike, isipokuwa mara moja, kumwomba mtu asogee nipitishe ndoo. Lakini ilitosha.

"Na huyu," akasema, "ndiye alicheka."

Hezekiah hakumfukuza Nangila. Nani mwingine angezirudia programu mia tatu na arobaini? Bado yuko dirishani, anazipitia moja moja, anarudisha jina baada ya jina, na amefika kwa Jelagat. Mamake anasema pasi imerudi, ila si kwa kila kitu. Nangila na mimi tunasalimiana, tunafanya kazi, lakini hanisimulii mambo kama zamani, nami simlaumu. Ile programu mpya imewekwa mwisho wa orodha. Juu yake kuna mistari mitatu, na kila asubuhi, kabla sijawasha chuma cha kuchomea, naifungua na kuisoma:

*Chepkurui, karani wa maziwa, aliona 254 na akasema.*

*Nangila Sitati alikuwa amefuta jaribio ambalo lingemwamini.*

*Weldon Kipchoge alipokea simu akacheka.*